Kuchagua masomo ya sheria kusiwe bahati nasibu

KILA mwaka vyuo vikuu nchini Kenya huwapokea vijana wenye ndoto ya kuvaa joho la uwakili. Shamrashamra za usajili zikishapita, wengi wao hukabiliwa na swali ambalo hawakuliwazia wakiwa shule ya upili: wachague masomo yapi, wayasome kwa mpangilio gani, na waazimie kubobea katika tawi lipi la sheria?

Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa uvumi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza humwuliza wa mwaka wa nne, naye humwambia kwamba somo fulani lina mhadhiri mpole na lingine lina mtihani mgumu. Uamuzi hupitishwa papo hapo, na miaka minne huweza kuyoyoma kabla ya mtu yeyote kuketi na kijana huyo amweleze uzito wa uchaguzi wake.

Uzito huo hudhihirika baadaye. Shahada ya sheria pekee haimruhusu mtu kusimama mahakamani kumtetea mteja. Sharti ajiunge na Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria, maarufu KSL, kilichoko Karen jijini Nairobi, na afaulu mitihani inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Sharti pia akamilishe uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mwenye tajriba. Hapo ndipo humwomba Jaji Mkuu jina lake liingizwe katika orodha ya mawakili.

Aliyepanga masomo yake vyema hufika kwenye lango hilo akiwa na ufunguo mkononi. Aliyeyachagua kwa kubahatisha huenda akagundua, akiwa amechelewa, kwamba kuna pengo katika hati yake ya matokeo au, baya zaidi, katika maarifa yake.

Ndiposa upangaji wa masomo ya sheria haufai kuachiwa mwanafunzi peke yake kana kwamba ni jambo la faragha. Ni suala linaloigusa familia iliyouza ng'ombe ili kulipa karo, linaloigusa mahakama, na hatimaye linamgusa raia anayetafuta wakili wa kumtetea asinyang'anywe shamba.

Masomo 16 yasiyo na mjadala

Ili kuelewa kiini cha tatizo hili, ni vyema kutazama jinsi elimu ya sheria ilivyojengwa nchini. KSL ilianzishwa mwaka wa 1963, wakati taifa lilipokuwa likijinyakulia uhuru na mawakili Waafrika wakiwa wachache mno. Wakati huo Wakenya waliotaka shahada ya sheria bila kwenda ng'ambo walilazimika kusafiri hadi Dar es Salaam, ambako kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika Mashariki kilifunguliwa mwaka wa 1961.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha sheria mwaka wa 1970, na kwa zaidi ya miongo miwili kilikuwa peke yake humu nchini. Chuo Kikuu cha Moi kilifuata mwaka wa 1994. Tangu hapo vyuo vya umma na vya kibinafsi vimejitosa uwanjani, vikiwemo Kenyatta, Strathmore, Kabarak, Riara, Mount Kenya na Jomo Kenyatta.

Vyuo vilipoongezeka, hofu iliongezeka pia kwamba kila kimoja kingefundisha kilivyopenda. Sheria ya Elimu ya Sheria ya mwaka wa 2012 na kanuni zilizotungwa chini yake ziliweka masomo 16 ambayo kila mwanafunzi wa shahada ya sheria ni lazima ayasome, awe Nairobi, Eldoret au Mombasa.

Masomo hayo ni utafiti wa kisheria, mifumo na mbinu za kisheria, sheria ya mikataba, sheria ya madhara, sheria ya jinai, sheria ya ushahidi, sheria ya familia na urithi, sheria ya biashara, sheria ya kampuni na ushirika wa kibiashara, sheria ya katiba, sheria ya utawala, falsafa ya sheria, kanuni za insafu na amana, sheria ya mali, sheria ya kimataifa na sheria ya kazi.

Orodha hiyo ndiyo uti wa mgongo wa shahada. Mwanafunzi hana hiari ya kuikwepa, lakini mara nyingi ana hiari juu ya namna ya kuipanga na bidii atakayoitia. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwa kuwa masomo haya ni ya lazima, huyachukulia kama kodi isiyoepukika, wakayasoma ili wapite tu, huku shauku yao ikielekezwa kwa masomo ya kuchagua yenye majina ya kuvutia.

Huko KSL mambo hugeuka. Masomo 9 yanayofundishwa huko ni uendeshaji wa kesi za madai, uendeshaji wa kesi za jinai, mirathi na usimamizi wa mali ya marehemu, uandishi wa kisheria, utetezi mahakamani, maadili ya taaluma, usimamizi wa ofisi ya uwakili, uhamishaji wa umiliki wa ardhi na miamala ya kibiashara.

Ukiyatazama kwa makini, utaona kwamba karibu kila moja limejengwa juu ya somo la lazima la chuo kikuu. Mtu hawezi kuandaa hati za kuhamisha umiliki wa ploti ikiwa sheria ya mali ilimpita mbio. Hawezi kumhoji shahidi kortini ikiwa sheria ya ushahidi aliikariri usiku wa kuamkia mtihani. Wala hawezi kuombea familia idhini ya kusimamia mali ya marehemu ikiwa hajui nani mrithi na nani si mrithi.

Kwa muda mrefu kumekuwa na malalamishi kuhusu idadi kubwa ya watahiniwa wanaoanguka mitihani ya uwakili. Wanafunzi hulaumu utahini, walimu wa KSL hulaumu vyuo vikuu, navyo vyuo vikuu hulaumu maandalizi ya shule za upili. Kila upande una hoja, lakini ni nadra kusikia yeyote akiuliza iwapo wanafunzi waliwahi kuelezwa, tangu mwaka wa kwanza, uhusiano uliopo kati ya masomo 16 ya mwanzo na 9 ya mwisho.

Kenya haiko peke yake. Mwaka wa 2022 Tanzania ilitikisika pale matokeo ya taasisi yake ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo yalipotangazwa. Kati ya watahiniwa 633, ni 26 pekee waliofaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja. Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Dkt Harrison Mwakyembe kuchunguza kiini cha matokeo hayo, na mjadala uliozuka uligusa jambo lile lile: msingi unaowekwa katika vyuo vikuu kabla ya mwanafunzi kufika kwenye lango la taaluma.

Wanaosomea ng'ambo

Kundi jingine linaloumia ni Wakenya wanaosomea sheria nje ya nchi. Wengi wao huvuka hadi Uganda, wengine huenda Uingereza, India au Afrika Kusini. Wanaporejea, shahada zao hukaguliwa na Baraza la Elimu ya Sheria ili kubainisha iwapo zina masomo yote 16. Anayepatikana na upungufu hulazimika kuyasoma masomo yanayokosekana kabla ya kuendelea.

Chukua mfano wa Uingereza. Kwa miaka mingi shahada ya sheria ya huko ilijengwa juu ya masomo 7 ya msingi, yakiwemo mikataba, madhara, jinai, ardhi na insafu. Ushahidi, kazi, familia na kampuni yalikuwa masomo ya kuchagua. Kijana Mkenya aliyejua mahitaji ya nyumbani aliyachukua haya kama nyongeza, akarejea bila wasiwasi. Mwenzake ambaye hakujua aliyaacha, akachagua yaliyompendeza, na aliporejea akajikuta amerudishwa darasani huku aliomaliza nao shule ya upili wakiwa tayari ofisini.

Tofauti kati ya wawili hao si akili wala bidii. Ni taarifa. Mmoja aliisoma orodha kabla ya kuchagua, mwingine aliisoma baada ya kufuzu. Majuto ni mjukuu, na katika taaluma hii mjukuu huyo huja na gharama ya karo ya ziada na mwaka uliopotea.

Suala la nani anastahili kujiunga na KSL nalo limezua kesi chungu nzima, baadhi zikifika Mahakama ya Rufaa. Nyingi zimehusu waliopanda ngazi kupitia stashahada bila kupata alama zinazotakiwa katika mtihani wa kidato cha nne, yaani wastani wa C+ pamoja na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Kesi hizo ni funzo kwa mzazi na mwanafunzi: masharti ya lango la mwisho hufaa kujulikana kabla ya kuingia lango la kwanza.

Kubobea mapema au kusubiri?

Baada ya masomo ya lazima, hubakia nafasi chache za masomo ya kuchagua. Humo mna kodi, hakimiliki na ubunifu, mazingira, haki za binadamu, benki, bima, usuluhishi, sheria ya Kiislamu, sheria ya bahari, teknolojia ya mawasiliano na kadhalika, kutegemea chuo. Hapo ndipo hoja ya ubobezi huanzia.

Wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi anafaa kuchagua tawi lake mapema na kulifuata bila kugeuka nyuma. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema idadi ya mawakili imeongezeka kupita kiasi katika miji mikubwa, na kwamba kijana anayeingia sokoni akiwa anajua kila kitu kijuujuu hatafua dafu mbele ya kampuni kubwa za uwakili. Wanasema mwajiri humtaka mtu atakayeanza kazi Jumatatu, si wa kufundishwa upya.

Katiba ya mwaka wa 2010 inaonekana kuwaunga mkono. Kifungu cha 162 kiliagiza kuundwa kwa mahakama zenye hadhi sawa na Mahakama Kuu za kushughulikia migogoro ya kazi na ile ya mazingira na ardhi. Bunge lilipitisha sheria za kuziunda mwaka wa 2011. Tangu wakati huo, kesi ya mfanyakazi aliyefutwa na ile ya mpaka wa shamba husikilizwa na majaji waliobobea katika nyanja hizo. Ikiwa jaji amebobea, wasema watetezi wa hoja hii, yawaje wakili wake awe mbumbumbu?

Hata hivyo, kuna upande wa pili. Sheria ya Mawakili haimgawanyi wakili kwa matawi. Cheti cha kuhudumu anachopewa kila mwaka hakisemi kwamba huyu ni wa kodi na yule ni wa ndoa. Tofauti na daktari, ambaye hutambuliwa rasmi kuwa bingwa wa moyo au wa watoto, wakili wa Kenya huingia taaluma akiwa wakili tu. Ubobezi wake hutokana na kesi anazozishika, wateja wanaomwamini na masomo anayojiendeleza nayo baadaye, ikiwemo shahada ya uzamili.

Isitoshe, mawakili wengi nchini hawafanyi kazi katika majumba marefu ya Nairobi. Wakili wa Kitale, Homa Bay au Mwingi huamka asubuhi akiwa na kesi ya wizi, adhuhuri akaandika mkataba wa uuzaji wa shamba, na jioni akapatanisha ndugu wanaozozania urithi. Mteja wake hana uwezo wa kulipa mabingwa watatu. Aliyejifungia katika tawi moja tangu chuoni angemfaa nini mteja huyo?

Zipo pia hatari za kuweka mayai yote katika kapu moja. Uchimbaji wa madini ya titani katika Kaunti ya Kwale uliwapa wengi matumaini kwamba sheria ya madini ingekuwa mgodi wa ajira. Shehena ya kwanza iliuzwa nje mwaka wa 2014, na Sheria mpya ya Madini ikapitishwa mwaka wa 2016. Lakini kufikia mwishoni mwa 2024 kampuni ya Base Titanium ilikuwa imekamilisha uchimbaji baada ya madini kupungua. Mwanafunzi aliyejenga mustakabali wake wote juu ya mgodi mmoja angebaki akijikuna kichwa, ilhali yule aliyeichanganya sheria ya madini na ile ya ardhi, mazingira na mikataba angeweza kugeukia fidia ya jamii na ukarabati wa ardhi iliyochimbwa.

Jibu la busara basi limo katikati. Chuo kikuu si mahali pa kumaliza ubobezi, bali ni mahali pa kuchagua mwelekeo. Mwanafunzi anafaa kuufanya msingi wake uwe imara kwanza, kisha atumie masomo machache ya kuchagua kujenga fungu moja linaloshikana, badala ya kuokota somo hili na lile kama mtu anayeokota makumbi ufuoni.

Fungu linaloshikana

Kushikana kwa masomo ndilo jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Mwanafunzi anayependa biashara, kwa mfano, akichagua kodi, benki na ufilisi, masomo hayo hushikana mikono na sheria ya kampuni aliyoisoma kama somo la lazima. Sheria ya Kampuni na ile ya Ufilisi zote zilifanyiwa mageuzi makubwa mwaka wa 2015, na anayezijua kwa pamoja ana thamani kuliko anayejua moja.

Huyo huyo anaweza kuongeza mitihani ya ukatibu wa kampuni inayotolewa na Kasneb. Sheria inazitaka kampuni za umma, na zile za kibinafsi zenye mtaji uliolipwa wa Sh5 milioni au zaidi, ziwe na katibu. Hiyo ni kazi ambayo haimhitaji mtu kungoja kesi ili apate riziki.

Anayevutiwa na ardhi naye ana fungu lake: upangaji wa miji, mazingira, sheria ya ardhi ya jamii na usuluhishi. Tangu sheria za ardhi zilipoandikwa upya mwaka wa 2012, na mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa kuzinduliwa mwaka wa 2021, uhamishaji wa hatimiliki umekuwa kazi inayohitaji ujuzi wa sheria na wa kompyuta kwa pamoja.

Ugatuzi nao umefungua mlango ambao vijana wengi wanaupita bila kuuona. Kaunti zote 47 hutunga sheria, hutia saini kandarasi na hushtakiwa. Sheria ya mwaka wa 2020 kuhusu ofisi ya mwanasheria wa kaunti iliweka msingi wa nafasi hizo. Anayechagua sheria ya serikali za mashinani, ununuzi wa umma na uandishi wa miswada anajitayarishia kazi iliyo karibu na nyumbani kwao.

Pwani na kaskazini mashariki kuna hitaji jingine. Kifungu cha 170 cha Katiba kinatambua mahakama za Kadhi katika masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi miongoni mwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Mwanafunzi anayenuia kuhudumu Lamu, Mombasa, Garissa au Mandera akilipuuza somo la sheria ya Kiislamu kwa kuwa halimo katika yale 16, atajikuta hawezi kumshauri mjane kuhusu fungu lake la mirathi.

Pwani iyo hiyo ina bandari. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kusikiliza kesi za meli na shehena, ilhali somo la sheria ya bahari halipati wanafunzi wengi kama la haki za binadamu. Uamuzi wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki wa Oktoba 12, 2021 kuhusu mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya ulikumbusha taifa zima kwamba bahari nayo ni suala la sheria.

Kisha kuna teknolojia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 imezilazimu benki, hospitali, shule na hata kampuni za mikopo ya simu kuchunga taarifa za wateja. Nafasi za kazi zilizotokana nayo hazikuwepo wakati baadhi ya wahadhiri wa leo walipokuwa wanafunzi. Hili lafaa kuwa onyo na faraja kwa pamoja: matawi mapya huzaliwa, na anayeyapokea vizuri ni yule mwenye shina imara.

Ushahidi wa hilo ulitokea Marekani mwaka wa 2023. Mahakama moja ya shirikisho jijini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha maamuzi ya kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizobuniwa na programu ya akili bandia. Hawakuponzwa na kutojua teknolojia pekee. Waliponzwa na kupuuza kazi ya msingi kabisa ya kuhakiki kesi kabla ya kuitaja, inayofunzwa katika somo la utafiti wa kisheria, ambalo wanafunzi wengi huliona la kuchosha.

Kupanga kwa miaka

Je, mpango mzuri unafaa kuwa vipi? Mwaka wa kwanza na wa pili ni wa kupiga msasa msingi. Mikataba, madhara, jinai, katiba na mbinu za kisheria hufunzwa mapema kwa sababu mengine yote huyategemea. Mwanafunzi asiyejua jinsi ya kuusoma uamuzi wa mahakama kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza anafaa kulitatua hilo kwanza kabla ya kuwazia ubobezi.

Mwaka wa pili unapomalizika, likizo ndefu ziwe darasa la pili. Kukaa wiki chache katika ofisi ya wakili, katika kliniki ya msaada wa kisheria ya chuo au katika shirika kama Kituo cha Sheria, ambalo limehudumia wanyonge tangu mwaka wa 1973, humwonyesha kijana sura halisi ya tawi analolitamani. Wapo waliodhani wanapenda kesi za jinai hadi walipokaa kortini siku nzima wakingoja faili iitwe.

Mwaka wa tatu na wa nne ndio wakati wa fungu la masomo ya kuchagua, pamoja na tasnifu inayolenga uwanja huo huo. Mashindano ya mahakama za kuigiza yasiachwe nyuma. Lile la Afrika kuhusu haki za binadamu, lililoasisiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka wa 1992, limewakutanisha wanafunzi kutoka pembe zote za bara na kuwafunza kujenga hoja mbele ya majaji.

Jambo moja husahaulika katika mipango hiyo yote, nalo ni Kiswahili. Katiba inakitambua kama lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria inaruhusu kitumike katika mahakama za chini, ambako kesi nyingi za raia wa kawaida huanzia na huishia. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2021 yalikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo, mwanafunzi wa sheria nchini Kenya anaweza kukamilisha masomo yote 16 bila kufunzwa istilahi moja ya kisheria kwa Kiswahili.

Wakili asiyeweza kumweleza mteja wake maana ya dhamana, rufaa au zuio kwa lugha anayoielewa hajabobea, hata akiwa na shahada tatu. Anayetaka kuihudumia Afrika Mashariki kwa jumla afanye Kiswahili cha sheria kuwa sehemu ya mpango wake, hata kama chuo hakimpi alama kwa juhudi hizo.

Wajibu wa vyuo na wadhibiti

Itakuwa dhuluma kuwatwika wanafunzi mzigo huu peke yao. Kijana wa miaka 18 aliyetoka kijijini, ambako labda hakuna wakili hata mmoja, hawezi kuotea mahitaji ya soko la miaka sita ijayo. Vyuo vinavyomtoza karo vina deni la kumwongoza.

Kwanza, kila mwanafunzi apewe mshauri wa masomo tangu muhula wa kwanza, na mkutano wao uwe wa lazima kabla ya kusajili masomo ya kuchagua. Mshauri ambaye jina lake limeandikwa tu kwenye ubao wa matangazo hamsaidii yeyote.

Pili, vyuo viache kutangaza katika vijitabu vyao orodha ndefu ya masomo ambayo hayafunzwi. Katika vitivo vingi, somo la kuchagua hutolewa ikiwa tu mhadhiri wake amepatikana na wanafunzi wametosha. Kijana aliyepanga kusomea sheria ya bahari akafika mwaka wa nne na kuambiwa halipo mwaka huu, amepunjwa. Heri masomo machache ya uhakika kuliko mengi ya karatasini.

Tatu, Baraza la Elimu ya Sheria na KSL zifike vyuoni mapema. Orodha ya masomo 16 na ya yale 9, pamoja na masharti ya kujiunga, zafaa kuwa mikononi mwa kila anayesajiliwa, mzazi wake akiwemo. Wanaokwenda ng'ambo wazipate kabla ya kupanda ndege.

Nne, mawakili wenye tajriba wawafungulie vijana milango. Uanagenzi wa miezi sita huja mwishoni, lakini mwelekeo huchaguliwa miaka kadhaa kabla yake. Chama cha Wanasheria, LSK, ambacho huwataka wanachama wake kuendelea kujifunza kila mwaka, kinaweza kuhesabu muda wa kuwalea wanafunzi kama sehemu ya wajibu huo.

Hatua hizi hazihitaji majengo mapya wala mabilioni ya pesa. Zinahitaji tu kukubali kwamba mwanafunzi anayechagua masomo anachagua pia aina ya wakili ambaye taifa litapata. Mahakama za madai madogo, zilizoanza kazi mwaka wa 2021 kusikiliza kesi zisizozidi Sh1 milioni, zimeleta haki karibu na mama mboga na fundi wa jua kali. Mahakama za kazi na za ardhi zimo. Kaunti zimo. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba anayehitimu ameandaliwa kuhudumu humo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, mkulima anayejua udongo wake huchagua mbegu kabla ya mvua kunyesha. Wanafunzi wa sheria wanaosajiliwa muhula ujao wana haki ya kuambiwa mapema udongo wao ni upi, na vyuo vinavyowapokea haviwezi kudai baadaye kwamba mavuno mabaya ni makosa ya mvua.